Uzoefu wangu: miezi mitano ya kulipia uwanja wa umma na kuugombania na watu wa soka, Mtwara mjini

Nawaandikia nyie mnaotaka kuchukua uwanja wa umma kwa mazoezi hapa Mtwara, hasa wa netiboli, wavu na riadha, mjue mnachoenda kukutana nacho kabla hamjatoa hela. Uwanja siutaji jina, nia yangu sio kumchomea mtu kazi. Nautolea nyota mbili kati ya tano, moja ya mzee mlinzi na moja ya bomba la maji ambalo halijawahi kukatika.

Mimi nina timu ya netiboli ya akina dada wa mtaani, tuko 14, wengine wanauza samaki asubuhi, wawili mafundi cherehani, mmoja nesi, kwa hiyo muda wetu ni ule ule mmoja tu, saa kumi jioni mpaka giza liingie, na giza la huku mnalijua, mwezi wa sita saa kumi na mbili na dakika chache jua limeshazama na uwanja hauna taa. Mechi ya netiboli ni robo nne za dakika 15, ukiweka kupasha na mapumziko unaona wenyewe, mtu akikuchelewesha nusu saa kashakumalizia siku.

Kulipia sio kazi. Unapeleka barua, unapewa kontrol namba, unalipa kwa simu, risiti inatoka. Sisi tulichukua Jumanne na Alhamisi, ndani ya siku mbili mambo yakawa yameisha na dada wa pale mapokezi alinihudumia vizuri kabisa, hapo sina neno.

Shida inaanza ukishaingia getini. Tulipangiwa kona ya nyuma ya goli la kusini, chini mchanga umelegea. Watu wanadhani netiboli unacheza popote ila sio kweli, ukidaka mpira ule mguu uliotua kwanza ndo umekufunga, ukiuburuza ni stepu, sasa kwenye mchanga mguu unateleza wenyewe, nikawa nawapulizia wanangu filimbi kwa kosa ambalo sio lao mpaka roho inaniuma. Tukachangishana, tukaleta udongo mwekundu tripu mbili za kirikuu, tukamwagia maji, tukashindilia kwa mikono yetu wikiendi nzima. Ukawa umekaza vizuri, mpaka pasi ya kudundisha inapanda. Baada ya wiki mbili tunafika tunakuta timu ya soka inapashia pale pale na njumu, udongo wote umechimbuka. Siku hiyo dada mmoja alilia.

Sasa Alhamisi moja tumeshachora mistari ya chokaa, saa kumi na nusu, timu ya soka ikaingia na kocha wao, wana mechi ya ligi Jumamosi wanataka uwanja mzima. Nikatoa risiti. Kapteni wao akaniambia dada yangu nyie mnarukaruka tu, hata pale barabarani mnaweza, sisi tunatafuta maisha. Nilimjibu na huyu hapa GS wangu, mfungaji wetu, alifika mpaka UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na yeye anatafuta maisha. Mzee mlinzi maskini akasema wanangu mimi mtaniponza wote, akapiga simu kwa anayehusika, simu ikawekwa sauti kubwa tukasikia wote anasema "elewaneni hapo hapo". Basi, akakata.

Hilo neno elewaneni ndo limenifanya niandike haya yote. Kumbe wale wa soka nao walikuwa na risiti ya Alhamisi ile ile! Yaani hela imepokelewa kwetu na imepokelewa kwao, uwanja ni wa kodi zetu sote, muuza samaki analipa ushuru sokoni kila siku, halafu ugomvi ukitokea tunaachiwa sisi tuumalize mbele ya watoto wanaoangalia. Sikuwachukia wale vijana baada ya kuona risiti yao, walikuwa sawa kama sisi tu, na ligi ikiwasumbua wanasumbuka kweli.

Na nafasi ipo jamani. Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25. Uwanja wa soka wa saizi ya mechi kubwa ni mita 105 kwa 68, humo vyetu vinaingia 12. Sisi tunaomba kimoja. Mwaka 2021 UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA zilivyoletwa hapa Mtwara si tuliona, mji ulijaa wanafunzi wa mikoa yote, soka lilichezwa, netiboli ilichezwa, wavu, mikono, watoto wakakimbia, kila mchezo na ratiba yake na mtu wa kuisimamia.

Tulikaa na kocha wao nje kwa mama anayeuza ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula huku, akaniita mama, nikamwita mwanangu, tukakubaliana Alhamisi wao wanabaki nusu ya kaskazini wanafanya mazoezi ya pasi fupi, Jumanne yetu kamili, na wao wakiwa na mechi ya kesho yake tunawaachia. Ikaenda vizuri wiki tatu. Halafu kocha akabadilishwa, aliyekuja hajui habari ya makubaliano na hakuna popote yalipoandikwa, tukakuta nguzo zetu za magoli zimeng'olewa zimelazwa ukutani, ringi moja imepinda. Nguzo katikati ya watu wanaokimbia na mpira ni hatari, naelewa kuzitoa, ila mtu angetuita tuzitoe wenyewe. Siku hizi tunazo za kubeba zenye kitako kizito, tunakuja nazo kwenye bajaji na tunaondoka nazo.

Wanaonisikitisha zaidi ni watoto wa riadha, wanakimbia pembezoni mwa ukuta, hawana wa kuwalipia kwa hiyo kila anayekuja anawafukuza, na sisi pia tumewahi kuwaambia wasogee, nakiri. Sasa hivi Jumanne wanakimbia upande wetu.

Vyoo vipo ila beba maji yako. Geti linafunguliwa kwa wakati.

Tumelipia tena mpaka mwezi wa tisa. Safari hii nimeomba waandike na upande wa uwanja na saa, sio siku tu, wakakataa, nimerudi mara tatu, mwisho wameandika kwa kalamu kona ya kusini saa 10 hadi 12 na wakagonga muhuri. Mkienda kulipia ombeni hivyo hivyo, toeni kopi mbili, moja mpeni mzee pale getini.