Mpiga picha wa usiku wangu wa kupamba, Mombasa: nilivyomchagua na kazi aliyoifanya

Ukitafuta mpiga picha wa harusi Mombasa, kila mtu atakwambia ukatazame kazi zake Instagram. Kwa picha za nikaha, ambako ni wanaume na kanzu zao na kofia, ushauri huo unafaa. Kwa usiku wa kupamba haufai hata kidogo. Usiku huo bibi harusi anatoka kichwa wazi, dhahabu shingoni na asmini nyweleni, na waliomo ukumbini ni wanawake watupu waliovua mabuibui mlangoni. Mpiga picha ambaye ukurasa wake umejaa picha za usiku kama huo amekwisha kukujibu swali kubwa kuliko yote kabla hujamuuliza.

Wa kwanza kukutana naye alikuwa fundi kweli. Alinifungulia simu, akaanza kunipitishia picha, na katikati yake nikamwona msichana ninayemjua, tumesoma naye madrasa, amekaa jukwaani bila mtandio. Picha ilikuwa nzuri sana, na ndiyo iliyonitoa pale. Aliponiona nimenyamaza akasema, "Si vibaya dada, wewe ni mwanamke mwenzake." Mimi nikafikiria atakayekaa kwenye kiti kile baada yangu, na mamake, na shemeji yake aliyewaleta kwa gari akasubiri pembeni. Nilimshukuru nikaondoka.

Hapo ndipo utata wenyewe ulipo, nami nautaja kwa sababu sikumsikia mtu akiusema: anayeaminika hana cha kukuonyesha. Sasa utaijuaje kazi yake?

Niliyemchukua mwishowe alikataa katakata kunionyesha sura ya mtu. Alinitolea picha za mikono yenye hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, vikuba vya asmini kabla havijavaliwa, nguo imetundikwa dirishani, watoto, sinia la udi na marashi, ukumbi mtupu kabla watu hawajaingia. Kisha akasema atampigia mmoja wa mabibi harusi wake, na akiridhia, tungekwenda kwake kuiona albamu pale pale nyumbani. Akaridhia. Nilikwenda na shangazi yangu, tukakaribishwa kahawa na halua, albamu ikaletwa imefungwa ndani ya leso, tukaitazama kurasa kwa kurasa na mwenyewe kakaa nasi. Kumpa mtu arubuni baada ya kumsikia mteja wake akieleza usiku wake kwa mdomo wake ni tofauti kabisa na kumpa kwa sababu ya ukurasa mzuri.

Kwenye albamu ile sikuhangaika na picha kubwa za mwanzo, maana hizo kila mtu huzipatia. Nilitazama picha za mwisho wa usiku, watu wamechoka na vipodozi vimelainika. Nilitazama bibi waliokaa nyuma. Zaidi nilitazama ngozi iliyo karibu na nguo nyeupe. Kamera ikiufuata weupe wa nguo, uso wa mwenye rangi yetu unazama gizani. Ikiufuata uso, nguo inakuwa karatasi tupu na kazi yote ya ushonaji inapotea. Za huyu dada zilikuwa na vyote viwili: shanga za nguo zinahesabika na mashavu yana uhai.

Kisha nikamuuliza maswali ambayo ningemwomba kila bibi harusi wa pwani ayaulize. Ni nani anayehariri? Wapo wapiga picha wa kike wengi sasa, lakini wengine huzipeleka picha kwa kijana fulani wa studio akazihariri, basi ukawa umejificha na wanaume wote ukumbini halafu mmoja akakutazama kwenye kioo cha kompyuta wiki nzima. Ni nani anayechapisha albamu? Maabara za picha zina mafundi wa kiume. Kamera yake inatuma picha kwenye simu kwa waifai? Simu hiyo inahifadhi picha mtandaoni yenyewe bila kuambiwa? Nikishachukua zangu, zake zinakwenda wapi? Kufuta peke yake hakutoshi, kwa sababu kilichofutwa kwenye memori kadi kinaweza kurudishwa na mwenye programu ya kazi hiyo mpaka kiandikwe kitu kingine juu yake. Alinijibu moja baada ya moja bila kukasirika. Anahariri mwenyewe kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti. Picha zisizo na mtandio anazichapa mwenyewe nyumbani. Hupiga kwenye kadi mbili kwa pamoja, moja ikiharibika nyingine ipo, na baada ya kukabidhi anazijaza kadi hizo picha za mandhari ili za zamani zifunikwe.

Yote hayo tuliyaandika kwenye karatasi tukatia sahihi. Watu wa kwetu huona haya kuandikiana, hasa mtu akiwa ameletwa na jamaa, lakini sheria ipo upande wako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na picha yako ni taarifa yako binafsi. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza baa moja ya Nairobi Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja Sh4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Ikiwa mtu aliyepigwa picha baa ana haki hiyo, bibi harusi aliyefungiwa milango anayo pia.

Usiku wenyewe alifika mapema, kabla ya wapambaji kumaliza, na hapo ndipo nilipoona thamani ya pesa yangu. Ukumbi ulikuwa umetiwa taa za zambarau na buluu, na darini vitambaa vya waridi kutoka ukuta hadi ukuta. Alisimama jukwaani, akanyoosha kiganja chake mbele ya kamera, akapiga, akatuonyesha: kiganja kilikuwa rangi ya bilingani. Akatueleza kwamba taa ya namna hiyo ikikupiga usoni hakuna kuhariri kunakokurudishia rangi yako, kwa sababu kamera haikuiona tangu mwanzo. Na fleshi ukiielekeza juu, kama walivyozoea wengi, itagonga kile kitambaa irudi nayo ya waridi. Akaongea na mpambaji kwa upole tu, "Mama, nitafutie taa nyeupe mbili za jukwaani, hizi nyingine ziache kwa watu." Mpambaji alinung'unika kwamba ukumbi utapoteza uzuri. Haukupoteza. Zambarau ilibaki kwenye kuta, na jukwaani nilikuwa mimi na rangi yangu.

Simu alitaka zizuiwe mlangoni, na mamangu aliliunga mkono hilo kwa nguvu zote. Kila mgeni aliacha simu yake kwa binamu zangu, ikatiwa mfukoni na namba. Wawili watatu walikasirika. Lakini bila hivyo mpiga picha mwaminifu hana maana. Ataifunga amana yako kwa kufuli na mgeni wa meza ya saba aiweke kwenye status kabla ya pilau kuletwa.

Nikija kwenye kasoro, zipo. Alifanya kazi peke yake, na mtu mmoja hana macho ya pande zote. Bibi yangu aliponijia kunitunza, akanibandika noti kifuani huku akiimba, wanawake walinizunguka wote kwa vigelegele na mpiga picha akabaki nyuma ya migongo. Picha ninayo ya kilemba cha bibi tu, na inaniuma, kwa sababu bibi hatembei tena kwenda harusini. Mwenye ukumbi mkubwa ni bora amwombe aje na msaidizi wa kike hata kama bei itapanda. Vilevile hapigi video kabisa.

Awamu ya kwanza ya picha ilikuja uso wangu umetiwa weupe. Kidogo tu, lakini nilijiona. Nilimpigia nikamwambia rangi hii ni ya babangu na siitaki ipunguzwe. Akaniambia wateja wengi huomba hivyo hata asipouliza, akazirudia zote bila malipo ya ziada, na za pili ndizo zilizo kwenye albamu. Mwambie mapema, iandikwe kwenye ile karatasi.

Kwa kuwa anachapa nyumbani, ukubwa wa mwisho ni A4. Ile albamu nene ya kurasa ngumu inayokaa mezani kama sanduku hutaipata kwake, labda kwa picha ambazo umejifunika, ambazo huzipeleka maabara. Mimi sikujali. Rangi za A4 zake zimetulia, nyeusi ya piko ni nyeusi kweli, na ile hina iliyokolea ubavuni mwa kidole inaonekana mpaka mchoro wake mdogo kabisa. Picha nyingine alinipa kwenye flashi mbili zenye neno la siri, moja yangu na moja ya mamangu. Flashi hiyo ya pili ni ya lazima, kwani yeye akishafuta hana nakala ya kukuokoa.

Kwa kupamba na siku ya hina pamoja nililipa Sh60,000, nusu kwanza kwa M-Pesa na nusu siku ya kukabidhiwa. Wapo wa nusu ya bei hiyo. Siku ya hina ndiyo ningekushauri uitumie kumjaribu mtu: ni nyumbani, watu ni wachache, na ukiona hapendezi bado una nafasi ya kutafuta mwingine. Nikaha ilipigwa na kijana wa mtaani kwetu, msikitini, na baadaye mpiga picha wangu huyu ndiye aliyekuwa chumbani bwana harusi alipoingia kupeana mkono. Aliniuliza kwanza kama abaki au atoke. Nilimwambia apige moja, ya mikono tu, kisha atoke, na ndivyo alivyofanya.

Anachukua harusi moja tu kwa siku, kwa hivyo ukitaka Mfunguo Mosi, watu wanapooana kwa wingi baada ya Ramadhani, au likizo ya Agosti na Desemba jamaa wa Ghuba na Uingereza wanapokuja, mtafute miezi mingi kabla. Jina lake silitaji hapa kwa sababu mwenyewe hapendi kutangazwa. Hupatikana kwa kuulizia wanawake wa Mji wa Kale waliooza watoto wao karibuni, na atakayekupeleka kwake ndiye atakayekuonyesha albamu.