Uzoefu wangu wa kusakinisha Docker kwenye seva ya wingu nikiwa Bukavu

Ushirika wetu wa kahawa una ofisi hapa Bukavu, katika komini ya Ibanda, na vituo vya kuoshea kahawa kando ya Ziwa Kivu hadi kisiwa cha Idjwi. Kwa miaka mitatu programu ya mapokezi ya kahawa ilikaa katika kompyuta moja ya ofisini, na kila umeme ulipokatika, makarani wa vituoni walibaki na kilo walizopima zikiwa kwenye karatasi hadi kesho yake. Nilipopewa kazi ya kuihamishia kwenye seva ya wingu, yaani kompyuta iliyo mbali inayofikiwa kwa intaneti, nilichagua kuiendesha ndani ya makontena ya Docker, ambayo ni kama masanduku yanayobeba programu pamoja na vyote inavyovihitaji, na sasa ni mwezi wa saba tangu nianze kuitumia.

Sababu ya kuchagua makontena ilikuwa moja tu. Programu yetu iliandikwa kwa lugha ya PHP, toleo la 7.4, ilhali mfumo endeshi wa Ubuntu 24.04 nilioukuta kwenye seva huja na PHP 8.3, ambayo programu hiyo haiwezi kufanya kazi nayo. Kontena huibeba PHP yake ya zamani ndani yake, na seva iliyobaki haiguswi.

Nilifuata njia ya ghala rasmi la Docker badala ya kifurushi cha docker.io kilichomo ndani ya Ubuntu, kwa kuwa matoleo mapya hufika huko mapema zaidi. Kwanza huwekwa ufunguo wa kuthibitisha vifurushi katika folda ya /etc/apt/keyrings, kisha ghala huongezwa kwenye orodha ya apt, chombo cha Ubuntu cha kusakinisha programu, ndipo docker-ce, yaani Docker yenyewe, na wenzake husakinishwa kwa amri moja. Jambo lililonifurahisha sana, mimi ninayenunua intaneti kwa megabaiti, ni kwamba mzigo wote hupakuliwa na seva yenyewe huko iliko. Kutoka Bukavu hupita maandishi ninayochapa na majibu yake tu. Hata hivyo, anayefanya kazi hii kutoka huku kwetu afungue programu ya tmux kwenye seva kabla ya amri ya kwanza, kwa maana mtandao ukikatika katikati ya usakinishaji, kazi huendelea upande wa pili, naye akirudi huikuta palepale.

Kontena la majaribio la hello-world lilijibu bila shida. Lililonichukua siku nzima, na ambalo natamani kila msomaji alizingatie, ni suala la milango ya seva (ports), yaani namba ambazo mawasiliano ya mtandao hupitia kuingia. Nilikuwa nimewasha ufw, ukuta wa ulinzi wa Ubuntu, na kuacha wazi milango ya 22, 80 na 443 pekee, nikaamini kwamba hifadhidata yetu imefungiwa ndani. Lakini katika faili la Compose, linaloorodhesha makontena na mipangilio yake, nilikuwa nimeandika 3306:3306, yaani mlango wa hifadhidata ufunguliwe nje, na baada ya siku chache niliona katika logi (kumbukumbu za matukio) za MariaDB, programu ya hifadhidata yetu, majaribio ya kuingia kutoka anwani nisizozijua. Docker huandika kanuni zake yenyewe za iptables, kichujio cha mtandao cha Linux, na pakiti zinazoelekea kwenye kontena hugeuzwa njia kabla ya kufika mahali ambapo ufw huzikagua. Maelezo rasmi ya Docker yanalitaja jambo hili waziwazi. Mimi sikuwa nimeyasoma. Niliufuta mstari huo kabisa, kwa sababu makontena yaliyo katika mtandao mmoja wa ndani huitana kwa majina bila kufungua mlango wowote nje. Anayehitaji mlango kwa matumizi ya seva yenyewe aandike 127.0.0.1, anwani ya ndani ya seva yenyewe, mbele yake.

Suala la saa lilikuwa dogo, lakini kwetu linagusa malipo ya wakulima. Makontena yetu yalikuja na saa ya UTC, saa ya rejea ya kimataifa, ambayo iko saa 2 nyuma ya saa ya Bukavu, kwa hiyo kahawa ya mashua iliyochelewa kutoka Idjwi, ikapimwa saa saba kasorobo usiku, iliandikwa tarehe ya jana. Niliweka Africa/Lubumbashi katika mipangilio ya PHP na katika kontena la hifadhidata, na tarehe zikakaa sawa.

Logi nazo hazina kikomo zisipowekewa. Katika /etc/docker/daemon.json niliweka max-size ya 10m na max-file ya 3, yaani faili lisizidi megabaiti 10 na mafaili yasizidi matatu kwa kila kontena, kisha nikayaunda upya makontena yote, kwa kuwa mpangilio huo hauyahusu yaliyokwisha kuundwa.

Kwa ofisi ndogo yenye mtu mmoja wa kompyuta, ninaipendekeza Docker kwa moyo wote, mradi mtu huyo asiongeze watumiaji ovyo katika kundi la docker, maana aliyemo humo ana uwezo sawa na wa root, msimamizi mkuu wa seva. Kwa upande wetu, PHP 7.4 iliacha kupokea marekebisho ya usalama tangu Novemba 2022, na kontena halibadilishi jambo hilo. Kazi ya kuiandika programu upya kwa PHP 8.3 nimekwisha kuianza, nami naijaribu katika kontena la pili kwenye seva ileile, huku makarani wakiendelea kupima kahawa kwa lile la kwanza.