Darasa la udereva kwa wageni, Mwanga Kigoma: barabarani safi, karatasi bado

Anayehamia Kigoma kutoka Burundi au Kongo amezoea kupita kulia, na huku tunapita kushoto. Shule moja ya udereva maeneo ya Mwanga ina darasa la watu hawa, na kwa upande wa barabarani wanajua kazi.

Wanaanza gari likiwa limezimwa. Magari mengi hapa yametoka Japani: indiketa iko mkono wa kulia, waipa kushoto, kinyume cha gari la usukani wa kushoto. Mgeni akitaka kukata kona anawasha waipa, na bodaboda aliye nyuma hana habari. Mwanafunzi anarudia indiketa, na gia kwa mkono wa kushoto, mpaka asilazimike kutazama. Kwenye kipilefti anazoezwa kuangalia kulia kwake, maana aliyekwisha ingia ndiye wa kupita kwanza. Kisha anapelekwa njia ya Mwandiga alfajiri, magari yakiwa hayajaanza. Hapo ndipo penye hatari. Kwenye foleni unamfuata wa mbele. Barabara ikiwa tupu, ukishakata kulia unajikuta umerudi upande wa kwenu. Mwalimu anayelijua hilo ni wa kumng'ang'ania.

Somo la alama za barabarani linakimbizwa mno. Kibao cha mwendo wa 50 kinakubana mpaka ukutane na kibao cha kukifuta, hata kama nyumba zimekwisha, na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo hukaa hapohapo. Faini ya kosa moja ni shilingi 30,000.

Lakini linaloumiza zaidi ni karatasi. Wanaandikisha mtu na kupokea ada bila kumuuliza TIN, yaani namba ya mlipakodi, na bila TIN hupati lena, leseni ya kujifunzia, kwa hiyo mafunzo yanasimama katikati. Mgeni aende TRA, mamlaka ya mapato, kwanza na pasipoti na kibali chake cha ukaazi, achukue TIN, ambayo ni bure, alipie lena 10,000, ndipo aje darasani. Akihitimu anapimwa macho, anafanya mtihani wa trafiki, halafu analipia leseni yenyewe: 70,000 kwa miaka 5. Wamweleze na madaraja ya leseni mapema, kwani mwenye daraja D la gari binafsi akibeba abiria wa kulipa anahesabiwa hana leseni ya kazi hiyo; anahitaji C.

Kabla ya kutoa ada, omba uoneshwe gari utakalofundishiwa. Wanalo moja la usukani wa kushoto, hilo likatae.