Kabla ya Kuagiza Samaki, Onja Maji: Mikahawa ya Amu na Shela kwa Matembezi ya Familia

Wifi yangu alipokuja kutoka Mombasa na watoto wake wanne katika likizo ya Agosti, niliwachukua pamoja na mamangu hadi mkahawa mmoja wa hapa Amu, yaani Lamu, wenye baraza pana inayotazama mkondo wa bahari na kisiwa cha Manda. Chakula chenyewe hakikuwa na dosari. Wali wa nazi ulikuwa umechambuka, changu wa kupaka alikuwa ameshika ukwaju na pilipili vizuri, na kachumbari ilikatwa nyembamba kama inavyotakiwa. Shida ilianza tulipoinuka kwenda kunawa. Tulisugua kipande cha sabuni mpaka tukachoka na povu halikutoka. Mchuzi wa nazi uligeuka utando mweupe uliotuganda katikati ya vidole, na mtoto wa pili, aliyekuwa na mchubuko mkononi, alipiga kelele kama aliyetiwa ndimu. Tuliporudi mezani tukakuta chai ya maziwa imeshaletwa, na maziwa yamekatika, yanaelea vipande vipande. Mamangu alionja funda moja, akakisukuma kikombe mpaka katikati ya meza, akamwambia kijana aliyetuhudumia, "Mwanangu, mmekosea mkebe, hii mmetia chumvi." Kijana akajibu kwa adabu kwamba hawakukosea, maji ya kisima chao ndivyo yalivyo.

Nililipa shilingi 6,800 kwa watu saba, na ndani ya hesabu hiyo mlikuwa na chupa sita za maji, kila moja shilingi 100, ambazo hakuna aliyezinywa. Tulizitumia kunawia mikono.

Tangu siku hiyo nimeipanga upya mikahawa yote ninayoijua kisiwani kwa kigezo kimoja tu, nacho ni maji. Mandhari, upole wa wahudumu na ukubwa wa sahani sitavigusa, kwa sababu hayo kila mtu huyaona mwenyewe kabla ya kuketi, na nahodha yeyote gatini atakueleza bila kuulizwa. Maji hakuna anayeyataja. Mgeni huondoka na harufu ya samaki vidoleni hadi usiku, akadhani ndiyo desturi ya pwani.

Anayekuja na watoto ni vyema aelewe kwanza kwa nini jambo hili hutofautiana hatua mia mbili tu kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine. Maji matamu ya kisiwa hiki ni mvua iliyozama mchangani na kukaa juu ya maji ya chumvi, ambayo ni mazito zaidi. Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo tangi letu kubwa, na ndiyo maana watu huja juu kila wasikiapo habari za mtu anayetaka kujenga huko. Kisima kilichochimbwa karibu na ufuo, kikivutwa kwa pampu mchana kutwa, hupungukiwa na maji matamu na chumvi hupanda kutoka chini. Katika maji ya namna hiyo sabuni ya kawaida huganda badala ya kutoa povu, ingawa sabuni ya mafuta ya nazi hustahimili chumvi na hutoa povu hata kwa maji ya bahari. Wazee wetu waliokuwa wakisafiri kwa majahazi hawakuhitaji kufundishwa hilo.

Usijaribu kuyapima maji kwa wali, kwani mpishi mwerevu hupunguza tu chumvi yake mwenyewe na wala hutajua. Sharubati ya ukwaju huficha kila kitu, kahawa chungu yenye tangawizi nayo huficha, na nimeanza kuushuku mkahawa wowote unaosifia ukwaju wake kupita kiasi. Kipimo cha kweli ni chai ya rangi isiyotiwa sukari. Agiza kikombe kimoja kabla ya kufungua orodha ya vyakula, na wakati inachemshwa nenda ukanawe mikono. Ukikosa povu na chai ikaja na ladha ya machozi, lipa kikombe hicho kimoja, ushukuru, uwainue watoto. Nimefanya hivyo mara tatu mwaka huu. Mara zote tatu wifi yangu aliona haya, na mara zote tatu hatukujuta.

Katika mpango wangu Shela ni ya kwanza, na sijifichi kwamba ninaipendelea. Hata hivyo sisemi Shela yote, maana pale mbele boti zinaposhushia watu bei huandikwa kwa macho ya mgeni. Nasema ile mikahawa midogo iliyo nyuma, mtu anapoiacha pwani na kupanda vichochoro kuelekea kwenye vilima vya mchanga. Mmoja kati ya hiyo ndio ninaoupenda kuliko yote, nao sitautaja kwa jina kwa sababu una meza sita, na mwenyewe, mama mtu mzima anayepika na binti zake wawili, ameniomba nisimletee msafara. Beseni la kunawia limewekwa chini kidogo, na mbele yake pana kigoda cha mtoto kupandia, kitu ambacho sijakiona mahali pengine popote katika kisiwa hiki kinachojisifu kwa kupenda watoto. Sabuni ni ya nazi. Maji yakimwagika mkononi unahisi ulaini wake kabla hujayaonja, na chai ya maziwa huja nzito, yenye iliki, bila kipande hata kimoja kilichokatika.

Ninajua lawama zake, maana wifi yangu ameshanisomea zote. Hapana bahari ya kutazama, ila ukuta wa chokaa na punda wa jirani. Samaki lazima umwagize asubuhi, na ukichelewa kupita saa nane mchana utakuta wali umekwisha na umebaki mkate wa mofa. Kutoka mjini ni mwendo wa kilomita tatu hivi, dakika arobaini na tano kwa miguu ya mtoto asiye na haraka, na jua la saa sita halina huruma. Kwa hiyo nenda kwa boti na urudi kwa miguu jioni upepo ukiwa umetulia. Kuhusu mkate wa mofa, mimi siuhesabu kuwa hasara. Mkate wa mofa wa moto na mchuzi wa pweza ni chakula ambacho ningekivukia mkondo kwa hiari.

Nafasi ya pili itawashangaza wengi, kwa sababu ni mahali pasipo na mfereji hata mmoja, yaani ufukoni Manda, kwa chakula kinachochomwa na nahodha. Familia hukodi mashua kwa siku nzima, watoto hushika mishipi, na samaki huchomwa kwa makaa na kuliwa kwa wali uliopikwa asubuhi nyumbani kwa nahodha. Nahodha anayeijua kazi yake hubeba madumu mawili au matatu ya maji matamu, kwa kuwa anajua fika kwamba huko hapana pengine pa kuyapata, na kwa sababu hiyo watu hunawa vizuri zaidi chini ya mkandaa kuliko kwenye mabaraza yenye vigae. Unasugua mafuta kwa mchanga na maji ya bahari kwanza, kisha unamalizia kwa kopo moja la maji matamu. Siku moja tulikwenda hivyo hadi magofu ya Takwa, mji uliohamwa katika karne ya 17, wenye msikiti ambao nguzo yake inaonekana juu ya kuta. Mkondo wa mikandaa unaoingia Takwa hupitika maji yakijaa tu, hivyo saa ya kula hupangwa na bahari, na mtu aliyezoea kula saa saba kamili atapata taabu. Kabla ya kukata shauri uliza mambo mawili, madumu mangapi yanapakiwa, na kama bei aliyoitaja inahesabu samaki pamoja na chombo. Hilo la pili ndilo linalovunja urafiki.

Watatu ni akina mama wanaopika majumbani, katika mitaa ya Mkomani na Langoni mjini, kwa watu waliowapa habari siku moja kabla. Hawana kibao mlangoni, na utawafikia kwa kuuliza dukani au kwa mtu wa nyumba uliyofikia. Ninawaamini kwa sababu moja, nayo ni kwamba mwanamke wa Amu haipiki chai ya nyumbani kwake kwa maji ya kisima cha chumvi. Maji ya kupikia huwekwa mbali katika mtungi au pipa lake lenye kifuniko, na ya kisima hubaki kuwa ya kuoshea sakafu na kusuuzia vyombo mara ya kwanza. Utaketishwa kwenye mkeka, utaletewa sinia, na mtoto akimwaga mchuzi hakuna atakayekutazama vibaya. Nimewaweka wa tatu kwa sababu huwezi kuamua ghafla. Ukiamka Jumapili ukitaka kula kwa mtu, umechelewa.

Mikahawa ya ndani ya mji, kando ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na vichochoro vinavyopanda kutoka humo, inatofautiana mno hata nashindwa kuipa neno moja. Ipo inayopokea maji yanayoletwa kwa punda kila asubuhi, nawe ukipita mapema utaona madumu ya manjano yakishushwa mlango wa jikoni, hiyo ndiyo ya kwendea. Ipo inayochota kisimani nyuma ya nyumba na kuamini kwamba tangawizi itasitiri. Uliza waziwazi kama chai ni ya maji ya mfereji au ya kisima. Mwenye maji mazuri hujibu kwa fahari, na mwenye mabaya hukuuliza wewe unatoka wapi. Ijumaa baada ya swala biriani huwa bora kuliko siku nyingine yoyote, na Ramadhani usitegemee kupata mlango uliofunguliwa mchana.

Kuhusu vyakula vya bei nafuu sina mengi ya kusema. Viazi vya karai, bajia na mishkaki ya jioni pale Mkunguni, mbele ya Ngome, ni vitamu, huliwa kwa kusimama, na unapangusa mkono kwa karatasi, basi.

Mwisho kabisa ninaiweka mikahawa ya pwani ya mbele ya mji. Ninasikitika kusema hivyo, maana jioni hakuna mahali pazuri zaidi pa kutazama majahazi yakirudi. Hata hivyo visima vyao ndivyo vilivyo karibu zaidi na chumvi, na wenye mikahawa wanalijua jambo hilo kuliko mimi. Wangeweza kununua dumu moja kwa siku kwa ajili ya chai na beseni la kunawia, wala lisingewatia umaskini. Badala yake wamegundua kwamba mteja mwenye mikono iliyoganda mafuta hununua maji ya chupa, na ubaya wa kisima umekuwa biashara juu ya biashara. Hilo ndilo jambo lililonikera kuliko chai yenyewe. Mtu ananiuzia samaki mwenye mafuta, kisha ananiuzia na maji ya kumuondoa.

Na bei zao hazina mwisho wala mwanzo. Nilipouliza samaki ni kiasi gani, niliambiwa "kwa saizi", na nilipotaka kuiona hiyo saizi niliambiwa yuko kwenye barafu, nisiwe na wasiwasi. Katika miezi ya kusi, bahari inapochafuka na mashua ndogo zinaposhindwa kutoka, ni kweli samaki huadimika na bei hupanda, na hakuna mtu wa pwani atakayelalamikia hilo. Ninacholalamikia ni kwamba kaskazi ikirudi, bahari ikalala na samaki wakawa tele, bei ya kusi hubaki ukutani kana kwamba imepigwa misumari. Tena meza ya jirani, waliokuwa wageni wenye kamera, walitajiwa bei nyingine kwa changu wa ukubwa uleule, nami nikatakiwa niifurahie hiyo tofauti eti kwa kuwa mimi ni mwenyeji. Sikuifurahia, kwa sababu ukubwa wa pengo ulinionyesha kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyetajiwa bei ya haki. Ukilazimika kula hapo kwa ajili ya upepo, mtake mhudumu amlete samaki mezani akiwa mbichi, ataje bei mbele ya watu wazima wawili, nawe uwe umebeba dumu dogo la lita tano kutoka nyumbani. Hakuna aliyewahi kunizuia kuingia nalo.

Mamangu ameshajitengenezea dawa yake. Katika mkoba wake, chini ya tasbihi na miwani, kuna nusu kipande cha sabuni ya nazi kilichofungwa kwa leso, na kila tunapoketi mahali papya huinuka peke yake bila kusema neno, akaenda kwenye beseni, akafungua leso. Sisi humngoja kabla ya kuagiza. Akirudi anatikisa vidole na kuketi, tunaita samaki. Akirudi ameushika mkoba begani, watoto wenyewe huanza kuvaa viatu.