Dawa ya kupuliza puani ya flutikasoni: uzoefu wangu na aleji ya vumbi

Mimi ni fundi cherehani, niko Dodoma. Mvua zikishakatika, upepo wa huku unabeba vumbi mpaka karibu mwisho wa mwaka, na ndani ya ofisi yangu kuna vumbi la vitambaa mwaka mzima. Kwa mwenye aleji hali hiyo ni mateso: chafya mfululizo asubuhi, pua inawasha mpaka kwenye kaakaa, kamasi la majimaji lisilokoma, na usiku pua zote zimeziba unalala mdomo wazi. Homa hakuna. Watu watakwambia una sainasi na kukushauri ununue antibayotiki, wakati antibayotiki haitibu aleji hata kidogo.

Daktari wa masikio, pua na koo aliniandikia dawa ya kupuliza ya flutikasoni. Wengi wanaijua kwa jina la Flixonase, ila mimi nanunua ya kawaida isiyo na jina kubwa; cha kuangalia kwenye boksi ni maneno Fluticasone Propionate na mikrogramu 50 kwa kila mpulizo. Nimeitumia misimu kadhaa ya vumbi sasa, na ndiyo dawa pekee iliyonirudishia usingizi. Vidonge vya aleji vilinipunguzia chafya na muwasho, lakini kuziba kwa pua kulibaki palepale, na vile vya zamani vinavyosinzisha mtu wa cherehani havimfai kabisa, maana sindano haisubiri uamke.

Flutikasoni ni aina ya steroidi, na neno hilo lilimtisha sana mama. "Mwanangu, hizo si ndizo zinazoharibu watu ngozi?" Hofu yake ina msingi. Krimu nyingi za kujichubua zina steroidi kali kama klobetasoli, na mtu anajipaka mwili mzima kwa miezi bila daktari kujua. Lakini kuna tofauti kubwa. Mtu mzima huanza na mipulizo 2 kila tundu la pua mara moja kwa siku, yaani mikrogramu 200, sawa na moja ya tano ya miligramu. Dawa inafanya kazi palepale kwenye utando wa pua, inatuliza uvimbe. Sehemu unayoimeza inapita kwenye ini, na ini linaivunja karibu yote. Inayofika kwenye damu ni chini ya asilimia 2. Wala si zile steroidi za kujaza misuli wanazotumia watu wa gym. Hizo ni kundi jingine.

Hapohapo kwenye ini ndipo lilipo jambo ambalo ningependa kila muuza dawa alitamke kabla hajapokea hela. Kuna dawa zinazolizuia ini lisiivunje flutikasoni. Ritonaviri, iliyomo kwenye baadhi ya mchanganyiko wa ARV, hasa za mstari wa pili, yaani za kubadilishiwa pale za mwanzo zinaposhindwa, ni mojawapo, na kobisistati pia. Baadhi ya vidonge vya fangasi kama ketokonazoli na itrakonazoli navyo vinaongeza dawa kwenye damu. Mtu akichanganya na ritonaviri, kidogo kile cha puani kinalimbikizana mwilini: uso unavimba na kuwa wa mviringo, sukari na presha vinaweza kupanda, na tezi zinazotengeneza steroidi ya asili ya mwili zinalala. Kwa hiyo kama unatumia ARV, mwambie daktari au mfamasia ni zipi, hata kama duka limejaa watu na itabidi umvute pembeni. Ipo dawa nyingine ya kupuliza, beklometasoni, ambayo ini linaishughulikia kwa njia tofauti, na mara nyingi ndiyo wanayokupa badala yake.

Sasa namna ya kupuliza. Mfamasia aliyenihudumia alinionyesha palepale dirishani, na naamini nusu ya matokeo niliyopata yametokana na zile dakika chache.

Kwanza penga kamasi polepole. Tikisa kichupa. Kama ni kipya, au kimekaa muda bila kutumika, bonyeza hewani mpaka utoke ukungu laini. Inamisha kichwa mbele kidogo, kana kwamba unatazama vidole vya miguu, usikiangushe nyuma. Halafu tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na mkono wa kushoto kwa tundu la kulia. Ukifanya hivyo ncha inaelekea yenyewe upande wa nje, kwenye kona ya jicho la upande uleule, badala ya kuupiga ukuta wa katikati ya pua. Ukuta ule mbele pale una mishipa midogo mingi iliyo juujuu, na dawa ikiupiga kila siku unakauka, unapata gamba, unatoa damu. Mara chache sana unaweza hata kutoboka. Ingiza ncha kidogo tu, bonyeza huku ukivuta pumzi taratibu, kisha toa pumzi kwa mdomo. Usivute kwa nguvu. Ukisikia uchungu kooni, ujue dawa imepitiliza tumboni, na iliyobaki puani ni kidogo. Mwisho futa ncha kwa kitambaa safi na ufunike. Ikiziba, osha kwa maji ya uvuguvugu; usiingize pini, kwa sababu utapanua tundu na kipimo kitaharibika.

Msimu ukiwa mbaya mimi husafisha pua kwanza kwa maji ya chumvi, yaliyochemshwa yakapoa, nikangoja kidogo ndipo nipulize. Dawa inakuta pua safi.

Inachukua muda, na hapo ndipo wengi wanaikatia tamaa. Nafuu kidogo unaweza kuiona siku ya pili, ila nguvu yake kamili huja baada ya siku kadhaa mpaka wiki mbili za kutumia kila siku bila kuruka. Si dawa ya kushika pale pua inapoziba. Bahati mbaya kwenye rafu inakaa jirani na vichupa vya zailometazolini na oksimetazolini, ambavyo vinazibua pua ndani ya dakika chache. Vile vinabana mishipa ya damu, na ukivizoea zaidi ya siku chache pua inaanza kuziba zaidi kila dawa inapoisha nguvu, unajikuta unapuliza mchana kutwa. Nimemwona jirani yangu wa duka la vitenge akitembea na kichupa hicho mfukoni akiamini ni hikihiki changu. Soma jina la dawa, siyo picha ya pua iliyochorwa kwenye boksi.

Hali ikitulia, daktari alinishusha hadi mpulizo 1 kila upande, na kinga imebaki ileile. Inasaidia na mfuko pia: kichupa cha mipulizo 120 ukitumia 4 kwa siku kinakwisha siku 30, ukitumia 2 kinafika siku 60. Andika kwa kalamu tarehe uliyoanza, kwa sababu kichupa changu hakina kihesabu, na kikikaribia kuisha kinatoa hewa zaidi kuliko dawa. Bei zinapishana mno kati ya famasi na famasi, uliza zaidi ya moja.

Nisichokipenda ni harufu yake ya maua. Kwa pua yenye aleji inakera mwanzoni, na kuna wanaohamia mometasoni, dawa nyingine ya kupuliza ya jamii hiyohiyo, kwa sababu hiyo. Ukavu nao upo, hasa Julai na Agosti hewa ya huku inapokauka. Damu kidogo kwenye kitambaa niliwahi kuiona, nikapumzika siku chache kama nilivyoelekezwa, ikaacha.

Mwenye presha ya macho au mtoto wa jicho asianze bila daktari, na anayetumia muda mrefu apimwe macho. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa pua, au mwenye kidonda ndani, asubiri kipone. Mjamzito aulize kwanza. Watoto wa miaka 4 hadi 11 kwa kawaida hupewa mpulizo 1 kila upande; chini ya hapo hii haiwafai, na mtoto anayeitumia mfululizo inabidi urefu wake ufuatiliwe kliniki, kwani steroidi inaweza kupunguza kasi ya kukua. Na ukiona pua imeziba upande mmoja tu muda wote, au kamasi zito lenye homa na uso kuuma, au wiki mbili hadi tatu zimepita hakuna mabadiliko, rudi hospitali ukaangaliwe ndani ya pua, maana hapo huenda tatizo si aleji tena.