Kipimo cha dawa ya buluu kwa injini iliyotumika
Kipimo hiki, chenye bomba la kioo na mpira wa kufyonzea hewa, ningempendekezea kila anayekagua gari lililotumika, kwa kuwa hewa ya kwenye rejeta ikiwa na hewa ya ukaa iliyovuja kutoka kwenye silinda, dawa ya buluu hugeuka manjano mbele ya macho yako. Mfuniko wa rejeta ufunguliwe injini ikiwa baridi, kisha maji yapunguzwe kidogo, yasije yakafyonzwa na kuharibu dawa, ndipo injini iwashwe hadi ipate moto. Kasoro yake kubwa ni kwamba hakitofautishi bloku (mwili wa injini wenye silinda) iliyopasuka na gasketi (kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini) iliyoungua. Tena ufa unaovujisha maji nje tu hakiuoni kabisa, na hapo ni lazima kutumia pampu ya kupimia presha ya rejeta.