Jeki ya troli ya tani 2 na stendi zake: nimeliacha gari juu usiku kucha

Karibuni wadau. Leo sina gari jipya la kuwaonyesha, nina chuma hiki chekundu na wenzake wawili. Hii ni jeki ya troli, tani 2, na hizi hapa ni stendi zake, jozi moja, za kulishikilia gari likishainuliwa. Vyote nimevitoa Kariakoo: jeki Sh 110,000, stendi Sh 80,000. Na kabla hujaniuliza chapa, pale dukani zilikuwepo kama kumi, chuma kilekile, stika tu ndizo tofauti. Kwa hiyo stika tuiache, tukague chuma.

Jana saa kumi na mbili jioni nilipandisha mbele ya hii Toyota IST kwa jeki peke yake. Stendi niliziweka chini ya gari lakini hazikugusa, niliacha nafasi makusudi, likishuka sana zilidake. Nikafunga geti watoto wasisogee. Nikapima kutoka sakafuni hadi ukingo wa chini wa bodi: sentimita 34. Leo alfajiri nimekuja na futi yangu ileile. 31! Hebu sogeza kamera, waone wenyewe. Sentimita tatu zimeondoka na hakuna aliyegusa kitu.

Sasa usikimbilie kusema nimeuziwa feki. Jeki ya oili inalishikilia gari kwa oili iliyobanwa ndani, na kinachoizuia oili isirudi ni kijivalvu kidogo na mipira ya sili. Chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye valvu, au mpira ukianza kuchoka, oili inapita taratibu. Pitisha kidole hapa kwenye pistoni. Unaona kinavyong'aa? Ni oili hiyo, na jeki ina wiki mbili tu. Leo imeshuka polepole usiku mzima. Sili ikipasuka haitakusubiri utoe kichwa.

Jambo la pili, na hili kwa Dar linatuhusu kweli. Jeki ya troli ina magurudumu, na hayakuwekwa kwa ajili ya kuburuzia tu. Mkono wake haupandi wima, unazunguka kama bawaba ya mlango, kwa hiyo jeki yenyewe lazima itembee kidogo kadiri gari linavyopanda. Kwenye sakafu ya saruji itatembea. Kwenye mchanga wa uani kwangu imezama, magurudumu hayageuki, na kile kisahani cha juu kikaanza kuburuta chini ya gari. Nikaishusha haraka. Nimetafuta kipande cha mbao ngumu, kipana kuliko jeki, nikakitandika chini, ndipo ikakubali. Tofali usiweke. Tofali la saruji halikuonyi, linapasuka mara moja, na mafundi wetu wengi wanalala chini ya gari lililokaa juu ya tofali mbili na rimu ya zamani. Nimewahi kumwambia mmoja, akacheka, akanijibu, "Kaka, mbona miaka yote iko hivi?"

Twende kwenye stendi. Zangu ni za meno, unainua, inajifunga yenyewe. Cheki jino linavyokaa: liingie lote, lisining'inie nchani. Mwaka 2020 kule Marekani duka la Harbor Freight liliwaambia wateja wazirudishe stendi zake za chapa ya Pittsburgh kwa sababu meno yangeweza kuteleza, na baadhi ya zile walizotoa badala yake nazo zikarudishwa, kosa likiwa kwenye welding. Kwa hiyo hata ukinunua ya bei, chungulia welding ya miguu. Ya kwangu mguu mmoja una tundu dogo la welding, naonyesha hapa. Halipendezi. Ukipata zile za pini inayopita kwenye matundu, mimi nazipenda zaidi, hazina ujanja mwingi. Soma na lebo pia: kuna stendi uzito ulioandikwa ni wa jozi, siyo wa kila moja.

Kabla hujaingia chini, lisukume gari kwa nyonga. Likitikisika na stendi, rudi mwanzo. Na kabari kwenye matairi yaliyobaki chini, msizione za kizamani. IST inavutwa na matairi ya mbele, na hendibreki inashika ya nyuma. Ukiinua nyuma, hendibreki inashika matairi yaliyo hewani, yaani haishiki kitu. Ukiinua mbele, ile P ya gia, ya kuegesha, inafunga matairi yanayoning'inia. Ukitoa tairi, nati zake zilegeze kabla ya kuinua, ukimaliza zikaze kwa kupishana, na mkazo wa mwisho uwe gari liko chini. Toyota ndogo nyingi kitabu kinasema mkazo wa nati uwe niutoni mita 103, ila tunavyoruka juu ya spana kwa miguu miwili, hiyo namba tuliipita zamani.

Nina kisa. Mwaka juzi fundi alinibadilishia breki pedi za mbele, kazi safi, akanipa funguo. Nikawasha, nikaweka R, nikatoka. Nikakanyaga breki: pedali ikaenda mpaka sakafuni. Gari likaendelea kurudi kuelekea geti la jirani, nikavuta hendibreki, tukabakiza kama kiganja. Unapoweka pedi mpya, pistoni ya kalipa, kile kibano cha breki, inasukumwa ndani, basi mkanyago wa kwanza na wa pili unafanya kazi ya kuirudisha hadi pedi ziguse diski. Gari halikuwa bovu. Fundi hakupampu pedali, na mimi sikuijaribu kabla ya kutoka.

Sasa lile swali mnaloniuliza kila siku, ukiwa na hela ya kimoja ununue kipi. Stendi. Jeki ya mkasi umeshapewa na gari, mara nyingi iko kwenye buti chini ya zulia, itakuinulia kona moja vizuri tu. Stendi hukupewa. Hii jeki nyekundu naipa tano kwa kumi: inapandisha haraka, lakini inavuja ikiwa changa. Leo inarudi Kariakoo, risiti ninayo.

Mama watoto anataka gari aende sokoni, ngoja nilishushe. Fungua valvu kidogo kidogo, usizungushe mara moja... hivyo. Limetua. Nakaza nati. Naingia, siwashi kwanza, naijaribu pedali ya breki. Moja, laini. Mbili, inapanda. Tatu. Imekuwa ngumu. Haya, nifungulieni geti.